Kwa Nini Nyumba ya Shangazi Ilisalimika

Nachingwea,
11 Desemba 1997

Dada Sikudhani,

Nakusalimu sana, wewe na shemeji Abdalah na rafiki yangu Mwamina. Mwambie mjomba hajasahau kalamu nyekundu aliyomwahidi. Huku sisi wazima. Mama Jumaa ana mafua ya mvua tu, na mvua za mwaka huu hazina adabu hata kidogo, zimeingia mpaka darasani kwangu.

Nimeandika kwa jambo moja, na naomba ulipokee kama neno la mdogo wako uliyemsomesha kwa jembe lako mwenyewe. Kipindupindu kimefika. Hapa mjini tumezika watu. Ninapofikiria yale mashimo yenu ya kulowekea muhogo kule bondeni, nywele zinanisimama. Maji yale yale watu wanafulia, watoto wanachezea, halafu chakula kinalala humo siku nne mpaka kinanuka. Acheni. Kuanzia leo menyeni muhogo, ukateni vipande vidogo, mtumbukize kwenye maji yanayotokota, kisha mwanike juani. Moto unamaliza kila kitu, vijidudu, uchungu, hata hiyo sumu mnayoiogopa. Waambie na majirani kwamba mwalimu wa kemia ndiye aliyesema.

Najua shangazi Mwanamvua atanuna. Mwambie zama za kutia chakula matopeni zimekwisha.

Wako mdogo,
Lukman Rashidy


Mandawa,
4 Februari 1998

Mdogo wangu Lukman,

Idi imepita salama, ingawa nguo zote zilikuwa mbichi. Mama Jumaa apone haraka, na mwambie ukindu wa mikeka aliouomba nimeshaukausha. Ufuta umeoza shambani, mikorosho ipo. Mwamina yuko darasa la nne na ameshika namba mbili. Anauliza kalamu kila siku, sasa naona aibu mimi.

Barua yako niliisoma kwa sauti pale kwenye mashine ya kusaga. Watu walisikiliza, maana wewe ndiye mtoto wa kwanza wa kijiji hiki kufundisha sekondari. Sasa karibu nyumba zote za upande wetu zinachemsha. Kazi yenyewe ni nyepesi, muhogo unaouchimba Jumatatu, Jumatano umeshakuwa makopa. Wanawake wanakuombea dua.

Shangazi amekataa. Alicheka mpaka akakaa chini. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyatamka: "Muhogo mchungu hauchemshwi, wewe. Babu zetu walikuwa na vyungu na walikuwa na moto, mbona hawakuchemsha? Muulize huyo mwalimu yeye anakula muhogo gani." Anashuka bondeni peke yake na kapu lake, anachimba shimo lake jipya upande wa juu wa yale ya zamani. Nimemwambia kipindupindu kitamchukua. Amesema kitamkuta ameshiba.

Hapa kijijini kipindupindu hakikuingia. Tunakushukuru.

Dada yako,
Sikudhani


Mandawa,
2 Oktoba 1998

Lukman,

Natumaini nyumba yako ni nzima. Yangu si nzima.

Baada ya ile mvua kubwa jua limewaka tangu Machi. Kunde zilikauka zikiwa na maua, mbaazi hazikutoa kitu, kuku tumewala wote. Dagaa hatujawaona tangu mwezi wa saba. Tunakula ugali wa makopa asubuhi na jioni, mboga ni majani ya kuokota. Muhogo mtamu umekwisha, umebaki mchungu tu, ndio unaostahimili jua.

Wiki mbili zilizopita Mwamina aliamka kufagia uwanja. Alifika mlangoni akaanguka. Nikadhani amejikwaa. Kumbe miguu imekakamaa kama miti, magoti yanagongana, anasimama kwa ncha za vidole tu. Hana homa. Haumwi popote. Akili yake iko sawa, anaongea, analia, anauliza kesho ataendaje shule. Na si yeye peke yake. Mtoto wa kwa Bwanali, wawili wa kwa mwenyekiti, na mke mdogo wa Uwesu ambaye ananyonyesha. Watano ndani ya mwezi mmoja, wote miguu.

Wewe umesoma. Uliza madaktari wa huko. Nijibu upesi.

Sikudhani


Nachingwea,
25 Novemba 1998

Dada,

Barua yako ilikaa posta, kisha mitihani ya kidato cha nne ikanishika. Nisamehe. Jumaa ameanza kuongea. Mama Jumaa ameupata ukindu.

Habari za Mwamina zimeniumiza. Nadhani ni polio. Je, alipata chanjo zote? Tafuta kadi yake. Mpelekeni hospitali ya wamisionari, msikae naye nyumbani mkimchua kwa mafuta. Ikiwa ni polio, kinachofaa ni mazoezi na subira.

Nimemtumia ile kalamu. Aandike akiwa kitandani asije akasahau masomo.

Lukman


Mandawa,
9 Februari 1999

Mdogo wangu,

Kalamu imefika. Ameilalia chini ya mto.

Shemeji yako alimbeba Mwamina mgongoni mpaka barabarani tukapanda lori. Daktari amempima, amegonga magoti yake kwa nyundo ndogo, miguu ikaruka yenyewe. Amesema si polio, kwa sababu miguu ya polio hulegea na hii imekaza. Amesema hajui. Amempa magongo mawili na kusema haitarudi kama zamani. Nilimpenda yule daktari kwa sababu alisema hajui. Sasa wagonjwa ni tisa.

Sikiliza vizuri sasa, maana hili ndilo lililonifanya niandike. Watu wamehesabu nyumba. Upande wetu wote kila nyumba ina mgonjwa au inapakana na mgonjwa, isipokuwa nyumba ya shangazi Mwanamvua. Yeye na wajukuu zake watatu wanatembea, wanacheza, na wanakula muhogo kama sisi. Watu wanauliza kwa nini. Wanasema alicheka barua yako, ndipo akaturoga tuliokusikiliza. Mwenyekiti amekusanya majina ya kumleta mganga wa kunyoa, yule anayezunguka vijijini akiwanyoa wachawi, aje wiki inayofuata Idi kubwa. Unajua kunyolewa maana yake nini. Mtu akishanyolewa hadharani hapewi hata kaa la moto.

Shangazi ndiye aliyetulea baba alipofariki. Andika barua, Lukman. Andika wewe kwamba ni ugonjwa, hata kama hujui jina lake. Mwenyekiti ataisoma mbele ya watu. Waliacha mashimo yao kwa neno lako, watamwacha na shangazi kwa neno lako. Hakuna mwingine wanayemsikiliza hivyo.

Nakungoja kabla ya Idi.

Sikudhani


Nachingwea,
20 Machi 1999

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Nina habari njema, nimeteuliwa kuwa makamu mkuu wa shule. Tunahamia nyumba ya serikali yenye paa la bati na tangi lake la maji. Mama Jumaa ameshapanda mchicha nyuma. Mkija mtalala vizuri.

Kuhusu mambo ya shangazi, wazee wa kijiji wana taratibu zao na mimi niko mbali, sioni vizuri nikiingilia kwa karatasi. Mtu wa serikali akiandika barua ya namna hiyo inaweza kuleta maneno. Naamini hekima itatawala.

Jambo jingine dogo. Kipindupindu kimeshapita, kwa hiyo si lazima tena kuchemsha muhogo. Rudini kuloweka kama zamani, siku nne kamili, mpaka ulainike. Waambie na majirani. Sababu nitaeleza nikija.

Lukman


Mandawa,
15 Mei 1999

Lukman,

Hongera ya cheo.

Barua yako ilifika siku mbili kabla ya Idi. Nilipoiona nilifurahi, nikadhani ndani mna ile niliyoomba. Niliisoma mara nne nikitafuta.

Mganga alikuja. Alimkalisha shangazi kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji, saa tano ya asubuhi, jua kali, na wanafunzi waliruhusiwa watoke wakaone. Alimvua kilemba akamnyoa kwa wembe, mvi zikaanguka mapajani mwake. Alimtia chale. Akamwambia aseme amewafunga miguu watoto kwa kitu gani. Shangazi akajibu, "Mimi naloweka muhogo tu." Watu wakazomea. Usiniulize mimi nilikuwa wapi.

Kesho yake alichukua wajukuu wake na kapu lake akaondoka kwa miguu. Yuko Chiola, kwa mpwa wa marehemu mumewe. Chiola ni wilaya yako, si mbali na nyumba yako ya bati. Mtembelee.

Tulifanya ulivyosema, tumerudi kuloweka. Tangu hapo hajaanguka hata mtu mmoja. Na unajua watu wanasemaje? Wanasema, mnaona, mchawi ameondoka na ugonjwa umekoma. Mganga amekuwa mtu mkubwa. Mimi nimejikalia kimya, lakini nina macho, na nimeona kilichobadilika ni vitu viwili siku moja.

Ulisema sababu utaeleza ukija. Njoo.

Sikudhani


Nachingwea,
3 Agosti 2001

Dada Sikudhani,

Najua hujanijibu barua mbili za Idi na sina haki ya kulalamika. Natumaini Mwamina anaendelea na darasa la saba. Jumaa ana mdogo wake sasa.

Shangazi amefariki Chiola, Jumatano iliyopita. Nilipata habari kwa mwalimu mwenzangu wa huko, nikaenda, nikawahi kuzika. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika kwake. Amezikwa nyuma ya nyumba ya watu, na waliokuja mazikoni walitosha kubeba jeneza tu. Mjukuu wake mkubwa alinipa maji ya kunawa, akaniuliza mimi ni nani.

Nataka nieleze sasa. Majuzi nimepata kitabu kipya kilichonifumbua macho.

Ndani ya muhogo mchungu sumu haikai peke yake. Imefungwa pamoja na sukari, na ikiwa imefungwa hivyo haitoki, hata ukiuanika mwaka mzima. Lakini ndani ya muhogo huo huo kuna protini yenye kazi maalumu, tunaiita kimeng'enya. Muhogo ukilala majini na kulainika, kimeng'enya kinaifikia ile sumu, na kwa msaada wa maji kinakata kifungo chake. Kitu kuvunjwa kwa maji namna hiyo ndiko tunakoita hidrolisisi. Sumu ikishafunguliwa inakwenda na maji, nyingine inageuka hewa na kupotea juani. Kinachobaki ni chakula.

Lakini protini haistahimili moto. Yai likishachemshwa haliwezi kurudi kuwa ute. Nilipowaambia mtumbukize muhogo kwenye maji yanayotokota, tulimuua mfanyakazi na kuiacha sumu palepale, imefungwa, ndani ya makopa meupe yanayopendeza. Ikaenda kufungukia matumboni mwenu. Hata hivyo mwili una njia ya kuiondoa, ila unahitaji protini za kunde, samaki, mayai. Mwaka ule hamkuwa nazo. Ndiyo maana watu walianguka wakati wa njaa.

Hakuna aliyeroga. Nyumba ya shangazi ilisalimika kwa sababu alikuwa akifanya sawasawa, na sisi tulikuwa tukifanya makosa. Makosa hayo ni yangu.

Nakuomba uwasomee watu barua hii siku ya hitima yake.

Lukman


Mandawa,
2 Septemba 2001

Lukman,

Innalillahi. Hapa msiba umefanywa na mimi na shemeji yako. Wengine walipita njia ya juu.

Barua yako aliipokea Mwamina, akaisoma yote kabla sijarudi shambani. Nilimkuta amekaa kizingitini na magongo yake kando. Ana miaka kumi na tatu, anasoma kuliko mimi. Aliniuliza swali moja tu. "Mama, mjomba alijua lini?"

Nikamwambia amepata kitabu majuzi. Akaniomba zile barua zako nyingine, nikampa kopo lote. Akaniwekea ile ya Machi mwaka tisini na tisa mapajani, kidole chake juu ya neno "kuloweka". Lukman, mtu haambii watu waache kuchemsha, siku nne kamili, wawaambie na majirani, kama hajui. Kitabu kipya gani? Mtoto wa darasa la saba amekushika uongo.

Sasa na mimi niseme langu, maana nimechoka kulibeba. Siku ya kunyolewa shangazi mganga alitaka mtu wa ukoo ashike beseni la maji. Watu walinitazama mimi. Nililishika. Maji yalimwagikia miguu yake, na yeye akaniambia taratibu, "Shika vizuri, mwanangu, wasije wakakuanza na wewe." Sijawahi kumwambia mtu, hata mume wangu.

Mimi nilishika beseni kwa sababu sikujua. Wewe je?

Hitima ni tarehe kumi na tisa Oktoba, baada ya swala ya Ijumaa. Karatasi sitasoma. Njoo usimame useme kwa kinywa chako, wakuone. Na Mwamina anangoja tarehe uliyojua.

Sikudhani


Nachingwea,
8 Oktoba 2001

Dada,

Jumatatu, tarehe 8 Machi 1999, kipindi cha tatu.

Nilikuwa nafundisha vimeng'enya. Nilisema vinakufa kwa moto. Msichana mmoja aliyeitwa Lusiana, wa Chiola huko huko, akanyoosha mkono akasema, "Ndiyo maana bibi hataki muhogo mchungu uchemshwe?" Darasa likacheka. Mimi nilisimama na chaki mkononi mpaka kengele ikalia. Somo hilo nilikuwa nimelifundisha miaka mitano, na sikuwahi kulikutanisha na bonde letu. Kemia ilikuwa ya shuleni, na muhogo ulikuwa wa nyumbani.

Barua yako ya kuniomba ilikuwa mezani kwangu. Zilibaki wiki tatu hivi kabla ya mganga. Niliandika barua ya kweli usiku ule na kuichana asubuhi. Jina langu la umakamu lilikuwa njiani. Nikajiambia wakirudi kuloweka ugonjwa utakoma, na hayo mengine yatapoa yenyewe. Niliogopa, dada. Sina neno jingine.

Hitima sitaweza kufika. Sasa mimi ni mkuu wa shule, na kuna ukaguzi wiki ile. Na nikisema ukweli kamili, siwezi kuwatazama wale watoto. Tafadhali soma wewe.

Lukman


Mandawa,
6 Januari 2002

Mwalimu Lukman,

Hujambo. Sisi tupo. Korosho zimekuwa nzuri.

Nilisoma. Nilikuwa nimeapa sitasoma, lakini ulipokosa kuja nilisimama na karatasi zako zote mbili, uwanjani pale pale. Nilisoma mpaka mwisho, kimeng'enya na yote, na nikasema habari ya beseni. Kisha mwenyekiti akainuka, yule mwenye watoto wawili, akasema: "Dada, tunakuheshimu. Lakini ugonjwa huu ulikoma alipoondoka yule bibi, sote tuliona. Mwalimu anatafuta kulisafisha jina la shangazi yake. Kama ni kweli, kwa nini hakusema wakati ule? Na leo yuko wapi?" Watu wakaondoka mmojammoja. Pilau ya hitima tumeila siku tatu.

Mwezi wa Machi mwaka ule wangekuamini kwa mistari mitatu. Leo umeleta kurasa saba na hakuna anayezitaka. Jina la shangazi litabaki hivyo hivyo, na wajukuu zake hawatarudi kwenye kiwanja chao. Nakuchukia kwa hilo, na naliandika hapa ili usilisikie kwa watu.

Sasa habari ya mwisho. Majina ya kidato cha kwanza yametoka. Mwamina amefaulu, na amepangiwa shule yako. Shemeji yako alitaka aombe abadilishiwe. Mwamina amekataa. Hatakaa nyumbani kwako, atakaa bwenini na wenzake, na usimwite ofisini kumpa chochote. Ameniuliza somo lile linafundishwa kidato cha ngapi, nikamwambia nimesikia ni cha tatu. Amesema atangoja. Miaka miwili si mingi kwetu, tumeshazoea kungoja.

Atakaa dawati la mbele kwa sababu ya magongo. Siku hiyo ukifika kwenye hidrolisisi usiumwe, wala usimpe mwalimu mwingine kipindi. Ingia umfundishe.

Sikudhani Rashidy